Nataka kuacha uhasibu nifundishe vichekesho vya papo kwa papo

BARUA

Shangazi mpendwa,

Pokea salamu zangu kutoka Umoja. Nina umri wa miaka 29, sijaolewa, na kwa miaka mitano sasa nimekuwa karani wa hesabu katika kampuni moja ya bima iliyoko Upper Hill. Baada ya makato hupata shilingi 58,000 mkononi. Kwa kazi hiyo nalipa kodi ya nyumba 14,000, namtumia mama 8,000, naweka 8,000 kwenye Sacco, na chakula pamoja na nauli hunila kama 20,000. Sina ugomvi na waajiri wangu, ila moyo wangu uko kwingine.

Mara mbili kwa mwezi, siku ya Alhamisi, mimi na wenzangu watano hufanya vichekesho vya papo kwa papo katika ghorofa ya juu ya mkahawa mmoja katikati ya jiji. Hatuna maandishi wala hatukariri chochote. Mtazamaji hutupa neno, tuseme "kinyozi" au "deni", nasi tunaujenga mchezo kutokana na neno hilo mbele ya macho yake. Kiingilio ni shilingi 500. Tukipata watu 60, jambo ambalo si la kila mara, mwenye mkahawa huchukua theluthi moja nasi tunagawana 20,000 zinazobaki, yaani kama 3,300 kwa kila mmoja. Jumamosi asubuhi nafundisha wanafunzi wanane katika ukumbi wa kanisa, kila mmoja akilipa 3,000 kwa majuma sita, na nikishalipia ukumbi hubaki na takriban 10,000 kwa mwezi.

Tangu Januari nimealikwa mara tatu kuendesha warsha kwa wafanyakazi wa kampuni mbalimbali ili wajifunze kusikilizana na kufanya kazi pamoja. Ya kwanza nililipwa 45,000, ingawa nilingoja miezi mitatu. Ya pili nililipwa 30,000. Ya tatu sikulipwa hata senti, kwani nilipopeleka ankara niliambiwa kwamba walielewa nimekuja "kujitangaza". Pamoja na hayo, nilipokuwa nimesimama mbele ya watu wale nilihisi kwamba hapo ndipo nilipozaliwa kusimama. Jambo moja dogo tu lilinisumbua. Katika warsha ya pili niliwapa mchezo wa kubadilishana vyeo, ambapo mdogo huwa mkubwa na mkubwa huwa mdogo. Kijana mmoja wa idara ya usafirishaji aliigiza meneja wake, akagonga meza kwa kalamu na kusema "Nilisema jana!" kama bosi wake anavyosema, na watu wakacheka hadi machozi. Meneja naye alitabasamu. Baadaye nilisikia kwamba kijana huyo aliitwa ofisini Jumatatu, lakini sikufuatilia, kwa kuwa fomu za maoni zilikuwa nzuri na nilikuwa nimeshalipwa.

Sasa nataka kuacha kazi mwezi wa Desemba ili niigize, nifundishe na kuendesha warsha kwa muda wangu wote. Nina maswali matatu. Je, Nairobi hii inaweza kunilisha kwa kazi hiyo? Pili, mwenzangu tuliyeanzisha naye kikundi anadai kwamba michezo ninayofundisha ni mali ya kikundi, na kwamba nikiiuza peke yangu nitakuwa mwizi. Je, ana haki? Tatu, mama yangu, ambaye ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi na anaishi Voi, ameacha kupokea simu zangu tangu nilipomdokezea. Aliniuliza kama alinisomesha hadi nikapata CPA, cheti cha uhasibu, ili nikawe kichekesho cha watu. Nimjibu nini?

Mhasibu wa Jukwaani, Umoja

JIBU

Binti yangu,

Nimeisoma barua yako mara tatu. Maswali yako nitayajibu yote, lakini nitaanza na jambo ambalo hukuniuliza, kwa kuwa kila niliposoma jicho langu lilirudi kwa yule kijana wa idara ya usafirishaji. Umempitia haraka, kati ya habari za malipo na habari za Desemba, ukamwita jambo dogo. Mimi ningependa tumlete mbele na tukae naye kidogo.

Mchezo wa vyeo uliowapa una historia yake. Keith Johnstone, Mwingereza aliyefanya kazi katika Royal Court Theatre ya London kabla ya kuhamia Kanada na kushiriki kuanzisha kikundi cha Loose Moose mjini Calgary mwaka 1977, alitambua kwamba watu wawili wanapozungumza kuna mmoja anayepanda na mwingine anayeshuka. Kupanda na kushuka huko huonekana katika macho, mabega, namna mtu anavyokalia kiti na muda anaouchukua kabla ya kujibu. Alitambua pia kwamba hadhira huchangamka hasa pale ngazi hiyo inapopinduka, kwa hiyo aliwafundisha waigizaji wake kuipindua kwa makusudi. Wale walikuwa waigizaji, na mazoezi yalipokwisha waliviacha vyeo vile ukumbini wakaenda zao. Kijana wako hakuwa na pa kuviacha. Jumatatu alirudi chini ya mtu yule yule aliyemwiga, na kalamu ilikuwa pale pale mezani. Watu walicheka kwa sababu aliigiza kweli tupu, na kweli hiyo ndiyo iliyomponza.

Nasema haya kwa uchungu kwa sababu nami nimewahi kukosea hivyo. Mwishoni mwa miaka ya 1990 nilikuwa katika kikundi kilichozunguka mitaa ya Eastlands kikiigiza juu ya Ukimwi kwa njia iliyoasisiwa na Mbrazili Augusto Boal, ambapo mchezo husimamishwa penye tatizo, na mtazamaji yeyote anaruhusiwa kuingia, kuchukua nafasi ya mhusika na kujaribu njia nyingine. Siku moja, Kariobangi, mama mmoja mwenye mtoto mgongoni aliinua mkono. Aliikaza leso yake, akaingia katika nafasi ya mke, akamwambia mume wa mchezoni, kwa sauti ya chini iliyotulazimisha sote kuinama ili tusikie, kwamba hatalala naye tena mpaka waende kupimwa wote wawili. Watu walinyamaza, kisha wakapiga makofi kwa muda mrefu. Sisi tulifurahi, tukakusanya vitu vyetu, tukapanda matatu. Hatukujua kwamba mume wake alikuwa amesimama karibu na lango. Tuliporudi baada ya majuma mawili majirani walituambia kwamba mama huyo amerejea kwao, na hakuna aliyetaka kutueleza zaidi. Tangu siku hiyo sijaanzisha mchezo mahali popote kabla ya kuuliza ni nani waliomo chumbani, na ni nani anayeweza kumdhuru nani nikishaondoka.

Hiyo ndiyo sehemu ya kazi ambayo jukwaa la Alhamisi haliwezi kukufundisha, kwani pale mtu amelipa kiingilio chake, amekuja kwa hiari, na akichoka anaondoka. Mfanyakazi aliyepelekwa warshani na mwajiri wake hana hiari hiyo. Kwa hiyo katika warsha za kazini, vyeo vya mchezoni visifanane kamwe na vyeo vya mezani. Mtoe meneja ofisini na umtoe karani ofisini. Wawe makanga na abiria wanaozozana juu ya chenji, au mama mboga na mteja anayekopa kwa mara ya tano. Watajifunza yote uliyotaka wajifunze kuhusu kupanda na kushuka, wala hakuna atakayekuwa ametoa siri ya mwenzake hadharani. Kabla ya siku yenyewe, kaa na aliyekualika, mweleze utakachofanya, na mwandikiane kwamba lolote litakalosemwa au kuigizwa halitatumika kumwadhibu mtu. Anayetaka kutazama tu na atazame, pasi na kuulizwa sababu. Na utenge robo nzima ya muda mwishoni kwa watu kuzungumza juu ya walichokiona, kwa maana wengi wenu mkishachekesha mnaona kazi imekwisha, ilhali mafunzo yenyewe ndiyo kwanza yanaanza.

Kisha mtafute kijana huyo juma hili hili, tena usipitie kwa meneja wake. Muulize yaliyompata. Ikiwa alipewa barua ya onyo au ameondolewa katika nafasi yake, na yeye akikubali uingilie, iandikie idara ya wafanyakazi useme wazi kwamba mchezo ulikuwa wako, maagizo yalikuwa yako, naye alitii tu alichoambiwa. Huenda kampuni hiyo isikualike tena. Hata hivyo andika.

Nimelikazia jambo hili kwa sababu maswali yako mengine yanalitegemea. Unazungumza juu ya kuigiza, kufundisha na kuendesha warsha kana kwamba ni kazi moja inayofanyika katika vyumba vitatu, ilhali kila moja inataka mtu mwenye jicho tofauti. Mwigizaji humtazama mwenzake na hadhira. Mwalimu wa Jumamosi hutazama wanafunzi wanane na kukumbuka kila mmoja alikwama wapi juma lililopita. Anayeendesha warsha hutazama ofisi nzima, pamoja na ile sehemu yake ambayo haikuja siku hiyo. Wewe unacho kipaji cha kwanza bila shaka, na naamini unajifunza cha pili. Cha tatu bado.

Wengi wetu tuliokulia Nairobi tulinolewa ulimi katika mchongoano, tukisimama nyuma ya madarasa au kwenye ngazi za ploti, mmoja akirusha tusi la utani juu ya mwenziwe na mwenziwe akilazimika kujibu kwa kali zaidi kabla ya kicheko kutulia. Ni sanaa yetu halisi na ninaipenda. Humpa mtu kasi, lakini humzoesha pia kuona kwamba aliye mbele yake ni wa kuangushwa, na nimewaona wachekeshaji hodari ambao wakipanda jukwaani pamoja na wengine hawawezi kumwacha mwenzao amalize sentensi. Sanaa yako inataka tabia iliyo kinyume kabisa. Mwenzako akisema, "Daktari, mguu wangu umeota majani," humwambii kwamba hakuna majani. Unainama, unatazama, na unamuuliza kama ni sukuma wiki au mchicha. Umekipokea alichokuletea na ukamwongezea juu yake. Kumfundisha mtu wa Nairobi kupokea hivyo, baada ya miaka ishirini ya kuchongoa, ni kazi ya subira, na anayeiweza anastahili kulipwa.

Usidhani pia kwamba kufundisha ni kushuka daraja kutoka jukwaani, kama baadhi ya wasanii wanavyoamini. Ukifuata mizizi ya vichekesho vya papo kwa papo utamkuta mwalimu. Viola Spolin, mwanamke wa Chicago aliyezaliwa mwaka 1906, alisomea kwa mwalimu Neva Boyd katika Hull House, nyumba iliyohudumia mitaa ya wahamiaji, akajifunza humo kwamba mchezo unaweza kumfundisha mtu lile ambalo hotuba haiwezi. Baadaye, alipokuwa akiwafundisha watoto na watu wazima wa mitaa ya namna hiyo, alibuni michezo isiyohitaji maelezo marefu wala lugha ya kitabuni. Mwanawe, Paul Sills, alikuwa miongoni mwa walioanzisha The Second City, jumba la vichekesho lililofunguliwa Chicago mwezi Desemba 1959 na ambalo leo lina shule yake na idara yake ya mafunzo kwa kampuni. Darasa lilitangulia, vichekesho vikafuata.

Jambo hilo lina faida kwako moja kwa moja. Chukua mchezo wa hadithi ya neno moja moja, ambao naamini unaucheza, ambapo watu huketi kwa duara na kila mmoja huongeza neno moja. Kiingereza hakimbani sana mchezaji. Kiswahili humbana: wa kwanza akisema "kikombe", wote wanaofuata wameibeba "ki" hiyo, changu, kizuri, kilipasuka, na aliyekuwa akiwaza neno lake la kuchekesha badala ya kuwasikiliza wenzake husema "ilipasuka", na duara lote humsikia. Najua kwamba Nairobi wengi wetu husema "ilipasuka" hata tukiwa tumesikiliza vizuri. Basi waambie mapema kwamba leo tunafuata ngeli, halafu utazame chumba kinavyotulia. Lugha yako inakupa kipimo cha usikivu ambacho mkufunzi anayefundisha kwa Kiingereza hana, nami sielewi kwa nini nyote mnakimbilia Westlands kufundisha kwa Kiingereza watu ambao wakitoka nje huzungumza Kiswahili na wateja wao. Wafikirie wanaowapokea wagonjwa hospitalini, wahudumu wa Sacco, walimu, na askari wanaolinda milango ya ofisi za umma. Alan Alda, mwigizaji wa Marekani, alisaidia kuanzisha kituo katika Chuo Kikuu cha Stony Brook mwaka 2009 ambako wanasayansi hufundishwa kwa michezo kama hii ili wajue kuzungumza na watu wa kawaida. Kama mwanasayansi anaihitaji, muuguzi wa zamu ya usiku mwenye foleni ya watu 40 anaihitaji zaidi.

Tuje kwenye fedha, na hapa nitazungumza nawe kama mhasibu. Unahitaji 50,000 kwa mwezi ili kuishi unavyoishi sasa. Jukwaa na darasa, katika mwezi mzuri, hukupa kama 16,000, nami ningehesabu 14,000 kwa usalama. Warsha ya 45,000, ikiwa mwalikaji anakata kodi ya zuio ya asilimia 5 inayotozwa ada za mafunzo, hukufikia ikiwa 42,750. Toa 6,000 za msaidizi, ambaye ni lazima uwe naye ili mtu mmoja atazame nyuso wakati wewe unaongoza, na 2,750 za usafiri na karatasi. Unabaki na 34,000. Kwa hiyo warsha moja kila mwezi, ikilipwa kikamilifu na kwa wakati, ingekutosha kwa kubana sana. Lakini wewe tangu Januari umepata tatu tu, na katika hizo moja haikulipwa. Hesabu hiyo wewe mwenyewe usingeipitisha kama ingeletwa mezani kwako na mtu mwingine.

Ndiyo maana jibu langu ni kwamba usiache kazi Desemba. Januari watu wamelipa karo na hawana kitu, na kampuni nyingi bado zinapanga matumizi ya mwaka, hivyo ungekuwa unaanza biashara mpya katika msimu mkavu kuliko yote. Tumia siku zako za likizo, ambazo Sheria ya Ajira inataka zisipungue siku 21 za kazi kwa mwaka, kuendeshea warsha siku za wiki, lakini kwanza soma mkataba wako uone kama unakukataza kufanya kazi nyingine. Ukifikia miezi sita mfululizo yenye warsha moja iliyolipwa kila mwezi, na ukawa umeweka akiba ya 300,000 mbali na ile ya Sacco, hapo andika barua ya kuacha kazi kwa moyo mweupe. Kwa anayelipwa kila mwezi, sheria inataka notisi ya siku 28 angalau, isipokuwa mkataba wako unadai zaidi.

Wakati huo huo jipange kama mfanyabiashara. Kampuni nyingi hazitakulipa pasi na ankara ya eTIMS, yaani mfumo wa ankara za kielektroniki wa mamlaka ya kodi, KRA, kwa sababu tangu Januari 2024 gharama isiyo na ankara hiyo haitambuliwi katika hesabu zao za kodi. Hilo unalijua kutoka upande wa pili wa meza. Weka kila cheti cha kodi iliyozuiwa, ikusaidie unapowasilisha ritani yako kabla ya tarehe 30 Juni. Jisajili pia kama mkufunzi kwa NITA, mamlaka ya kitaifa ya mafunzo ya viwandani. Waajiri hutoa shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kila mwezi kwa ajili ya mafunzo, na mwajiri anayetumia mkufunzi aliyesajiliwa anaweza kuomba kurudishiwa gharama, kwa hiyo usajili huo utakufungulia milango ambayo kipaji peke yake hakitaifungua. Dai nusu ya malipo kabla ya siku na agizo la kazi kwa maandishi. Wale walioniudhi hasa katika barua yako ni hao waliokualika, wakakutumia nusu siku, kisha wakakuambia ulikuja kujitangaza. Hao waandikie mara moja kwa heshima, ukiambatisha barua pepe zenu za mwanzo na ankara, na uwape tarehe ya mwisho. Wakikaa kimya, deni dogo kama hilo linaweza kupelekwa katika Mahakama ya Madai Madogo bila kuajiri wakili.

Kuhusu mwenzako wa kikundi, sitakawia. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 hulinda kazi iliyoandikwa au kurekodiwa, hailindi wazo wala njia ya kuchezea. Kuhesabu kwa zamu hadi 20 bila sauti mbili kugongana hakukubuniwa na kikundi chenu, na wengi wanaocheza hivyo hawajui hata kulianzia wapi. Jina la kikundi, nembo na video zenu ni jambo jingine. Usizitumie katika tangazo la warsha zako bila ridhaa ya wote sita. Hata hivyo nashuku kwamba mwenzako haogopi kuibiwa michezo. Anaona unaondoka, na hujamwambia kama Alhamisi utaendelea kuwepo. Mwambie. Na uendelee kuwepo kweli, kwa maana mkufunzi aliyeacha kupanda jukwaani husahau upesi jinsi mtu anavyojisikia akiwa hana la kusema mbele ya watu 60, kisha huanza kuwakaripia wanafunzi wake wanapokwama.

Sasa mama. Usimpigie tena simu ili mbishane, na usimjibu kuhusu CPA, kwani neno alilosema lilitoka katika hofu ya mzazi ambaye ameona mshahara wa mwalimu ukigawanywa mara nyingi. Mtumie ujumbe umwambie kwamba hujaacha kazi wala hutaiacha Desemba, kwa kuwa hilo litakuwa kweli. Kisha mwalike Nairobi kwa siku chache. Wewe ulikuwa umepanga, nadhani, kumleta kwenye onyesho la Alhamisi ili asikie watu wakikushangilia. Mlete kwenye darasa la Jumamosi. Mpe kiti cha nyuma karibu na dirisha, usimtake acheze, na usimweleze chochote kabla ya kuanza. Mwanamke aliyesimama mbele ya darasa la watoto miaka yote hiyo ataona mambo ambayo fomu zako za maoni hazitayaona. Wanafunzi wakishaondoka, mtengenezee chai, keti naye, na umuulize ni yupi kati ya wale wanane ambaye hukumtazama asubuhi yote.

Wako,
Shangazi